Tunasubiri Mteja

Pike Harbor, 9 Septemba

Mjomba Arvo mpendwa,

Nakuandikia kutoka meza ya jikoni, mahali pekee ambapo hakuna anayechungulia ninachoandika. Sisi tu wazima. Goti la Mama limetulia, na amekwisha kugombana na fundi wa tanuru la kupashia nyumba joto mara mbili kabla hata baridi haijaanza. Paka wa Bibi bado yupo na anakula kuliko mimi. Mama hajauliza habari zako. Lakini Jumapili alioka mkate wa iliki, akakata kipande cha pembeni, kile unachokipenda wewe, akakiacha kwenye sahani mpaka kikakauka.

Utashangaa kwa nini situmii barua pepe kama watu wengine. Mjomba, nimeajiriwa idara ya kompyuta ya kaunti. Namjua anayeweza kusoma barua pepe zangu. Anakaa meza ya pili kutoka kwangu na anatafuna mbegu za alizeti kutwa nzima.

Kazi yangu ni ukarani, na niko kwenye majaribio hadi mwisho wa mwaka. Mkuu wetu, Bwana Prusi, amenipa jambo ambalo wenzangu wawili walilikwepa: kuandika mkataba wa kiwango cha huduma kati ya idara yetu na wateja wetu. Wateja ni ofisi nyingine za kaunti, yaani mahakama, maktaba, idara ya barabara na nyumba ya wazee. Mkataba unatakiwa kusema, kompyuta ikigoma, tutajibu baada ya muda gani, tutatengeneza baada ya muda gani, na lipi ni dharura na lipi linaweza kungoja.

Shida ni kwamba kwa kila mtu lake ndilo dharura. Mkuu wa barabara anasema printa yake ni dharura. Nikamuuliza kama printa ndiyo inayosukuma theluji. Hapana, sikumuuliza. Nilitaka kumuuliza. Niliandika, “Dharura, itajadiliwa.”

Aliyenitia hofu kweli ni Bi Corinne LaBine, muuguzi mkuu wa nyumba ya wazee. Alikuja na koti lake bado mwilini, akasimama mbele ya meza yangu.

“Binti, nina wazee sitini kule. Skrini ya kigari cha dawa ndiyo inayoniambia nani amekunywa nini na saa ngapi. Ikizimika, mtakuja lini?”

“Tutajitahidi kadiri ya…”

“Sikukuuliza kama mtajitahidi. Lini?”

“Ndani ya saa moja,” nikasema.

“Na usiku?”

Nilimtazama Bwana Prusi. Yeye alitazama dirisha. Usiku tuna mtu mmoja tu, Gordy Vairo, yule wa mbegu za alizeti.

“Na usiku,” nikasema, nikaandika. Tangu siku hiyo sentensi ile inanifuata mpaka kitandani. Je, karani wa miezi mitatu anaweza kumwahidi mtu usiku wa mtu mwingine?

Januari meli zikifunga msimu kwa ajili ya barafu, utakuja? Chumba cha nyuma kitupu.

Mpwa wako,
Siiri

* * *

Meli ya Clement R. Haas, Ziwa Huron, 27 Septemba

Siiri mpwa wangu,

Barua yako ilipanda meli ndani ya ndoo. Boti ya posta ilijibana ubavuni mwetu pale Detroit, nasi tunakwenda hatusimami, tukashusha kamba, ikarudi juu na bili ya simu ya nahodha, katalogi ya viatu, na wewe. Bosun, msimamizi wa mabaharia, akanusa bahasha akasema, “Mpishi, hii ya mwanamke!” Nikamwambia ni ya mpwa wangu, msomi, na akiendelea kunusa hapati pai Ijumaa. Akaiweka chini taratibu kama yai.

Mimi sijambo. Mgongo ni uleule. Tumebeba punje za chuma kutoka upande wa Minnesota kwenda Cleveland, tunarudi watupu, tunabeba tena. Juzi tulipita mbali na kwenu saa ya chakula cha jioni. Niliziona taa. Au labda ni taa za watu wengine.

Kuhusu huyo Bi LaBine, nampenda tayari. Huku nikisema chakula ni saa kumi na moja na nusu, ni saa kumi na moja na nusu, hata meli ikilala ubavu. Watu ishirini wenye njaa hawahitaji mkataba, wanagonga vijiko tu. Wewe andika, wala usitetemeke. Wenye vyeo nao wanatetemeka, ila viti vyao vinazunguka kwa hiyo haionekani.

Umeniuliza habari ya Januari. Supu inachemka, naenda kuiangalia.

Mjomba wako,
Arvo

* * *

Pike Harbor, 16 Oktoba

Mjomba Arvo mpendwa,

Supu yako inachemka muda mrefu sana. Sisi tunaendelea vizuri. Majani yameanguka yote wiki moja. Mama amefunga madirisha ya sauna, bafu letu la mvuke, kwa ubao, peke yake, juu ya ngazi, na goti lile. Nilipomgombeza akasema, “Unamwona mwanamume hapa?”

Mkataba umesainiwa! Wakuu wa idara zote walikuja, tukala donati, wakasaini. Bwana Prusi alinipa mkono mbele ya watu. Mama ametangaza kanisani, ingawa hajui nimeandika nini.

Nikueleze jambo moja ninalojivunia, maana wewe utanielewa. Ni kifungu cha tisa. Kinasema muda hauhesabiwi wakati idara inasubiri taarifa kutoka kwa mteja. Nilikikuta kwenye mikataba ya kaunti nyingine, nikaona ni haki. Mtu anakwambia kompyuta yake imekufa, unamuuliza ni kompyuta ipi, anakwenda kula. Kwa nini wewe uhesabiwe umechelewa? Basi sasa kwenye mfumo wetu kuna kitufe kilichoandikwa “Tunasubiri Mteja”. Kila tatizo lina tiketi yake, na ukibonyeza kitufe hicho, saa ya tiketi inasimama mpaka mteja ajibu.

Gordy alikipenda siku ileile. “Siiri, wewe ni malaika! Nani alikufundisha kitu hiki?”

“Nimesoma,” nikasema.

“Basi soma tena, nataka na cha kusimamisha mke wangu.”

Ripoti ya kwanza imetoka kijani tupu, yaani hakuna tulikochelewa. Bwana Prusi ameibandika kwenye friji ya chumba cha chai. Napaswa kufurahi, na nafurahi, lakini nalala vibaya. Kuna jambo dogo. Zamani Bi LaBine alikuwa akipiga simu kila siku na kugomba. Sasa kimya. Bwana Prusi anasema mteja aliyenyamaza ni mteja aliyeridhika. Huenda ni kweli. Jana nilinyanyua simu nimpigie, nikairudisha.

Mama nilimsikia akimwambia jirani, “Arvo anaijua namba ya nyumba hii. Haijabadilika tangu tukiwa watoto.” Nakuandikia tu kama nilivyosikia.

Siiri

* * *

Meli ya Clement R. Haas, Ziwa Superior, 5 Novemba

Siiri mpwa wangu,

Hongera! Nimewasomea mabaharia habari za kitufe chako wakati wa chakula, wakapiga meza. Fundi wa injini anataka kimoja kwa ajili ya nahodha. Mimi nitakifunga jikoni. Nimeita watu kula, hawajaja, saa isimame, na viazi vikipoa si kosa langu. Una akili, mtoto.

Huku pabaya. Sufuria zimefungwa kwa kamba kama wafungwa. Kahawa inamwagika kabla hujaitia maziwa. Nahodha anasema tukijificha nyuma ya kisiwa tutachelewa safari mbili, kwa hiyo usishangae posta ikikaa.

Kuhusu namba ya simu. Nitasema mara moja, halafu usinirudishe tena hapo. Siku Bibi yako alipozikwa, tulikuwa tumetia nanga Ghuba ya Whitefish, upepo unapasua turubai, hakuna mtu aliyeshuka. Nisingeweza kutembea juu ya maji. Nikasimuliwa baadaye kwamba dada yangu alisema mbele ya watu wote kuwa mimi nilichagua kupika supu. Yeye ndiye aliyelisema neno hilo. Mimi nasubiri aliondoe. Miaka minne nasubiri, na ninayo subira.

Basi. Mlinzi wa zamu anataka mayai.

Arvo

* * *

Pike Harbor, 25 Novemba

Mjomba Arvo,

Natumaini barua hii itakufikia kabla ya tarehe kumi na moja Desemba. Nitakwambia baadaye kwa nini. Mama mzima. Paka mzima. Theluji imefika kwenye kizingiti. Nimeianza barua hii mara tatu na kila mara nimeishia kukueleza habari za theluji.

Unajua tarehe kumi na tano Novemba ilivyo huku, siku ya kwanza ya kuwinda kulungu. Shule zimefungwa, mahakama imefungwa, hata kinyozi amekwenda porini. Mkataba wangu unasema saa moja, lakini haukusema “isipokuwa siku ya kulungu”, kwa kuwa hakuna aliyefikiria kuliandika hilo. Kwetu ni kama kuandika kwamba Krismasi ipo. Idara nzima iliomba likizo. Gordy alisema atashika simu, usiku na mchana, kutoka kambi yake.

Asubuhi hiyo, baada ya chai, skrini ya kigari cha dawa ilizimika nyumba ya wazee. Bi LaBine alifungua tiketi ya dharura kwenye kompyuta ya mapokezi. Gordy aliiona kwenye simu yake akiwa juu ya mti na bunduki magotini. Aliandika, “Tafadhali tuma namba ya mashine,” akabonyeza kitufe changu. Bi LaBine hakuona ujumbe huo, kwa sababu mfumo wetu hupeleka majibu kwenye mashine yenye tatizo, yaani skrini ileile iliyozimika. Alipiga simu ofisini. Ofisini hapakuwa na mtu.

Wauguzi wakaandika dawa kwenye karatasi. Walipobadilishana zamu, karatasi moja iliondoka na muuguzi, mfukoni mwa aproni, na aliyeingia hakuiona. Bwana Kettunen, yule aliyekuwa akiuza skii za kutelezea kwenye theluji, alidungwa insulini mara ya pili. Alianza kutokwa jasho na kuongea ovyo katikati ya mchezo wa karata. Mwenzake wa chumbani ndiye aliyepiga kelele. Walimnywesha juisi ya machungwa, wakamkimbiza hospitali. Amepona. Naandika tena ili nilione: amepona.

Gordy alifika kesho yake asubuhi, akabadilisha waya, kazi ikaisha.

Niliiona tiketi hiyo kwenye ripoti, Mjomba. Kijani. Imejibiwa dakika sita, imetatuliwa dakika arobaini. Mchana mzima na usiku mzima havimo, kwa sababu tulikuwa tunamsubiri mteja.

Nilikwenda kumwona Bi LaBine. Sikutumwa na mtu. Alikuwa anakunja mablanketi na hakuacha kukunja.

“Niliwasubiri nyinyi,” akasema, “na nyinyi mkanisubiri mimi. Mzee Kettunen je, alikuwa anamsubiri nani?”

“Mbona hamkupiga tena usiku? Gordy alikuwa na simu.”

“Tuliacha kupiga usiku tangu Oktoba. Unapiga, unaambiwa tiketi yako inakusubiri wewe. Wauguzi wangu si wajinga, binti. Wakiona mlango haufunguki hawaugongi tena.”

Nilitaka kumwambia kifungu cha tisa ni cha nani. Nikasema pole, nikamsaidia blanketi moja, nikaondoka.

Sasa sikiliza. Tarehe kumi na moja Desemba makamishna wa kaunti wanakaa. Bwana Prusi atawaomba waondoe huduma ya usiku kuanzia Januari, kwa sababu ripoti inaonyesha usiku hakuna anayepiga simu. Nyumba ya wazee itabaki bila mtu kuanzia jioni hadi asubuhi. Na msomaji wa ripoti ni mimi. Nilijaribu kumweleza.

“Bwana Prusi, labda hawapigi kwa sababu…”

“Siiri, mama, wewe soma namba tu. Namba hazigombani na mtu.” Akanipigapiga begani. “Tarehe thelathini na moja nasaini karatasi zako za ajira. Unajua hilo, eh?”

Najua. Nikinyamaza nina kazi, na usiku mmoja atakuwapo Kettunen mwingine. Nikisema, narudi kuuza rangi kwenye duka la vifaa, na kila mtu atajua kifungu ni changu. Mama hajui lolote. Anashona sketi nitakayovaa siku hiyo.

Niambie nifanye nini. Tafadhali, usiniambie supu inachemka.

Siiri

* * *

Pike Harbor, 12 Desemba

Mjomba Arvo,

Barua yako haikuja. Kila siku nilikwenda sandukuni na viatu vya theluji, mpaka Mama akauliza, “Una mchumba?” Redio inasema meli zimejificha kutokana na upepo. Nadhani na yako imo kati yao. Natumaini iko tu nyuma ya kisiwa na sufuria zimefungwa.

Kwa hiyo ilibidi niamue mwenyewe. Nitakueleza haraka.

Chumba kilikuwa na joto kali. Makamishna watano, Bwana Prusi mstari wa mbele, Gordy amesimama nyuma karibu na mlango, Bi LaBine na koti lake. Nilisoma. Mahakama, kijani. Maktaba, kijani. Idara ya barabara, kijani, wakacheka. Nyumba ya wazee, asilimia tisini na nane. Nikaona karatasi yangu inatetemeka, nikaiweka mezani ili isionekane.

Nikasema, “Hiyo ni saa yetu. Naomba sasa nisome tiketi moja kwa saa ya mteja.”

“Siiri,” akasema Bwana Prusi bila kugeuka, “ajenda.”

“Ni fupi,” nikasema, nikasoma. Saa ilipozimika skrini. Saa tuliyobonyeza kitufe. Saa ya kwanza aliyotupigia, ya pili, ya tatu. Mchana, jioni, usiku, asubuhi. Jina la Bwana Kettunen sikulisoma. Nilisema “mkazi mmoja”. Lakini huu ni mji mdogo, na kamishna mmoja alicheza naye karata.

Mwenyekiti, Bi Maxine Dufek, mama mmoja mfupi mwenye miwani ya mnyororo, akauliza, “Nani aliandika sheria hii ya kusimamisha saa?”

“Mimi.”

“Na nani alibonyeza kitufe?”

Kabla sijasema, Gordy akalipuka kule nyuma, “Nilikuwa juu ya mti! Ilikuwa tarehe kumi na tano! Nani hakuwa porini siku hiyo? Hata wewe, Maxine, nilikuona kwenye duka la risasi!”

Watu walicheka, Mjomba, halafu wakaacha ghafla, wote pamoja. Bi LaBine hakuwa amecheka.

Matokeo ni haya. Huduma ya usiku inabaki mpaka waipime upya. Kifungu cha tisa kimefutwa. Sasa anayeweza kusimamisha saa ni mteja peke yake. Na siku ya kulungu imeandikwa kwenye mkataba kwa jina lake, na watu wawili wa zamu, ambao watawinda siku nyingine. Nafikiri kwa hilo nimechukiwa kuliko kwa mengine yote.

Bwana Prusi hakunifukuza. Ameniongezea miezi mitatu ya majaribio, na hanitazami. Gordy ameacha kuniita malaika. Leo alipita mezani kwangu akasema, “Umenichoma, dada,” akasimama kidogo, akaongeza, “Mzee anaendeleaje?” Nikamwambia yuko salama. Akaniachia mbegu za alizeti kiganjani, akaenda zake.

Mama nilimweleza kila kitu jana. Alisikiliza akiwa na pini mdomoni. Halafu akasema, “Kwa hiyo kila mmoja alikaa anamsubiri mwenzake.” Akazitoa pini moja moja akazichoma kwenye mto wake. Akasema, “Mjomba wako angekuwapo angecheka.” Ni mara ya kwanza kukutaja mbele yangu tangu mazishi.

Ninayo barua yako ya Novemba hapa mbele yangu. Uliandika kwamba unasubiri aliondoe neno. Mama anasubiri namba ya nyumba hii ilie. Nisamehe, uliniomba nisikurudishe hapo. Lakini mimi nimekwisha kukiona kitufe hicho kinavyofanya kazi, na kwenu nyote wawili ripoti ni ya kijani.

Januari sikuulizi tena. Chumba cha nyuma bado kitupu.

Siiri

* * *

Sturgeon Bay, 19 Januari

Siiri mpwa wangu,

Meli imelala. Wamezima injini, na ukimya wake unaniuma masikio. Mabaharia wamekwenda kwao. Nimebaki mimi na mlinzi na viazi ambavyo hakuna wa kuvila.

Barua zako mbili nilizipata pamoja, safari ya mwisho kupita Detroit, boti ya posta karibu inafunga msimu. Ile uliyoniuliza ufanye nini niliisoma baada ya kusoma uliyofanya, kwa hiyo ushauri wangu haukuhitajika. Heri. Ningekwambia usome namba tu, unyamaze, ulinde kazi. Nakwambia kweli. Mwezi mzima sikukujibu kwa sababu hiyo. Nilikuwa nasema, tukifika bandarini nitaandika. Nasubiri bandari.

Mara hii sikuwasomea mabaharia. Bosun aliuliza, “Mpwa wako msomi anasemaje?” Nikamwambia aoshe sahani yake.

Leo nimepiga namba ya nyumba. Vidole viliikumbuka vyenyewe. Ililia, ikalia, nikamfikiria mama yako, Elaine, amesimama kando yake anaitazama, mikono ina unga. Hakupokea. Labda alikuwa nje anasukuma theluji na goti lile. Labda hakuwa nje.

Nimeosha sufuria moja nikapiga tena. Bado. Naosha ya pili. Ziko nyingi, nimewapikia watu ishirini msimu mzima.

Tiketi iko wazi, Siiri. Saa inatembea, nami sijagusa kitufe.

Mjomba wako,
Arvo